Matangazo ya Arusi kwenye Mashine ya Marehemu

Jumatano ya Majivu, mwaka ule ambao mji wa Bukavu uliamka mikononi mwa wengine, nilimpoteza mume wangu. Watu wakisikia ni mwaka gani huinamisha kichwa na kuuliza kama ilikuwa risasi au bomu. Ninawajibu kwamba ilikuwa sukari. Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, barabara ilipitika leo na kesho haikupitika, na dawa ya kudunga aliyoizoea haikupatikana tena katika famasi za mjini, au ilipatikana ikiwa imekaa nje ya friji na haifai kitu. Alikufa nyumbani, mchana, akiwa ameketi. Mimi nilikuwa nimetoka kanisani, na nilipomwinamia, majivu ya paji langu yakahamia kwenye paji lake. Ndivyo alivyopokea majivu yake ya mwaka ule.

Aliniachia nyumba yetu ya Muhumba na chumba cha mbele kinachotazama barabara. Chumba kile kilikuwa kazi yake: kompyuta moja, printa, mashine ya fotokopi na benchi la wateja. Sisi huita sekretaria. Mtu anakuja kuandikiwa barua, kutafutiwa kitu kwenye intaneti, kutolewa nakala ya kitambulisho. Masomo yangu yalikoma mwaka wa pili wa sekondari, na kazi ile nilijifunza kwa kukaa pembeni yake na kutazama vidole vyake. Hatukuwa na mtoto. Ninalisema neno hilo mapema kwa sababu katika mambo ya urithi lina uzito wake.

Familia ya mume wangu ni wakulima wa Nyantende. Wana desturi moja ambayo kwetu sikuikuta. Mwenye nyumba akifa, jembe lake linaweza kuendelea kulima, maana walio hai lazima wale, lakini mpini haubadilishwi mpaka matanga yaondolewe. Chombo kinabaki namna mkono wake ulivyokiacha. Siku ya mazishi, kaka yake mkubwa, katekista wa kule kijijini, alisimama katika chumba cha mbele, akaitazama kompyuta, akasema kwa Kiswahili chetu, ambamo ndiyo ni njo, "Hii njo jembe yake. Itumike, lakini isibadilishwe kitu." Niliitikia kwa moyo wote. Sikutaka kubadilisha hata mahali pa kiti.

Kwa hiyo nilifanya kazi katika mashine ile kama alivyoiacha. Nilipoifungua asubuhi, programu ya intaneti ilikuwa bado na kurasa zake. Barua-pepe yake ilifunguka yenyewe na kumsalimia kwa jina. Neno la siri sikulijua. Alikuwa hajaniambia, na mimi sikuwahi kumuuliza. Nilijua kwamba siku ukurasa ule ukifungwa kabisa, hautafunguka tena. Basi kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, nilisoma ile salamu kisha nikaendelea.

Katika miezi ile kazi iliongezeka. Watu walitafuta ndugu waliotawanyika, walitafuta habari za barabara na za meli, walitafuta karatasi zilizopotea. Kati yao alikuja binti mmoja ninayemjua tangu akiwa mdogo, muimbaji wa kwaya ya parokia yetu. Mchumba wake alikuwa amevuka mpaka kwa haraka, maana kuna watu waliokuwa wakimuulizia, na mtu akiuliziwa na watu wale haikuwa vizuri apatikane. Binti alitaka kumfuata wafunge ndoa kule. Aliomba kukaa kwenye mashine peke yake, akaangalia magauni ya arusi kwa muda mrefu, hata yale ambayo hangeweza kuyapata maishani. Alipoinuka alisema, "Maman, mutu asijue."

"Hakuna mutu atajua," nilimwambia.

Nilisema hivyo nikidhani kwamba kitu kinajulikana kwa mdomo tu.

Haukupita muda, magauni yakaanza kunifuata. Nilifungua ukurasa wa habari za mji, pembeni kukatokea gauni jeupe. Nilifungua ukurasa wa sala za kila siku, gauni likawa juu ya zaburi. Kisha vikaja vitu vibaya zaidi: picha za wanaume wenye mashati yaliyopigwa pasi, na maneno ya Kifaransa yaliyosema kwamba wanaume makini karibu na Bukavu wanatafuta mwenzi wa maisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetafuta siku moja sala ya mjane. Labda wale wanaume walitoka huko, labda walitoka kwa binti. Sijui mpaka leo, na sitasema ninajua.

Niliaibika, lakini nilikuwa peke yangu na aibu yangu, mpaka siku shemeki alipokuja, yaani shemeji yangu, yule kaka mkubwa wa mume wangu. Alikuwa na tangazo la parokia la kuchapishwa. Nilipomaliza aliniomba nimtafutie habari za barabara ya kurudi. Nikafungua ukurasa. Gauni upande wa kulia, mwanaume upande wa kushoto, na barabara katikati.

Shemeki alivaa miwani. Kifaransa anakisoma vizuri.

"Shemeki, hii ni nini?"

"Ni piblisite, tangazo tu."

"Ya nani?"

"Sijui. Inakuya yenyewe."

"Inakuya yenyewe," alirudia polepole. "Kwetu kule, kitu inaota pahali mutu alipanda."

Alikunja tangazo lake, akaliweka ndani ya Biblia, akaaga kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyonitisha.

Siku chache baadaye shangazi wa mume wangu alinipigia simu. Ni mama mzee, dada wa baba yao, na neno lake katika familia ile ndilo la mwisho. Hakuzunguka.

"Mutoto yangu, siku ya kuondosha matanga kutakuwa maneno. Ujitayarishe."

"Maneno gani, shangazi?"

"Ya nyumba. Na ya ile mashini. Kaka yake anasema uko unatafuta bwana mupya kwa mashini ya bwana, na yeye hata udongo haiyakauka juu yake. Alinionyesha na mikono vile ile kanzu ya arusi ilikuwa. Asema ilikuwa na mukia murefu."

"Shangazi, sikutafuta."

"Vile njo utasema siku ile. Mimi nitakuwa nimekaa hapo."

Niliweka simu chini na kuitazama nyumba. Kama familia ingeamua kwamba nimemsaliti marehemu, ningerudi kwetu na begi moja, na chumba cha mbele kingepewa mpwa fulani. Hilo lilikuwa wazi. Lililoniuma zaidi ni kwamba ningeondoka na jina lile.

Wakati huo nilikuwa na mpangaji katika chumba cha nyuma, mama mmoja kutoka upande wa Lwiro aliyekuwa akitunza vitabu na kompyuta za maktaba. Barabara ilipoharibika alikimbilia mjini, akakaa kwangu. Ni mcheshi kuliko mimi, na wakati ule nilihitaji mtu wa namna hiyo. Nilimwita aangalie skrini, nikamweleza yote, isipokuwa jina la binti. Aliangalia magauni, akaangalia wanaume.

"Huyu wa shati ya bulu si mubaya," alisema.

"Maman, ninafukuzwa mu nyumba."

Akaacha kucheka. Akavuta kiti, akanieleza kwa namna niliyoelewa. Alisema ukifungua ukurasa mmoja wa habari, ukurasa ule unaita nyumba nyingine nyingi bila kukuuliza: nyumba za wauza matangazo na nyumba za wanaokusanya habari za watu. Kila moja inaacha alama ndani ya mashine yako, na ukienda ukurasa mwingine, alama ile inakutambulisha. "Ni sawa mutu alikuona soko ya Kadutu unauliza bei ya kitambaa," alisema, "akakufuata mupaka kanisani, akakaa benchi ya nyuma, akaanza kupaza sauti: huyu maman alikuwa anauliza kitambaa! Na kama si wewe uliuliza, ni mutu mwingine alikopa kanzu yako na kuivaa, hajali. Anafuata kanzu."

"Na anaweza kufukuzwa?"

"Anaweza kufungiwa mulango."

Akanieleza juu ya orodha. Kuna watu huko duniani, wengi wao hawalipwi na hawatujui, wanaoandika anwani za nyumba hizo za kufuata watu, mstari baada ya mstari, na kuzirekebisha kila zinapobadilika. Orodha hizo zinaitwa vichujio. Unaongeza kijiprogramu kimoja ndani ya programu ya intaneti, unachagua orodha unazotaka, na tangu hapo ukurasa ukitaka kuita nyumba iliyoandikwa mle, wito unakatwa. Tangazo haliji, na anayefuata hapati habari kwamba ulipita. "Na mega zako za intaneti zitapona," aliongeza, maana tulikuwa tunaunganisha intaneti kwa simu, na nilikuwa nikishangaa kila mara mega zinavyokwisha kabla ya kazi.

"Niweke sasa?" aliuliza.

Nilisema hapana. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayekataa maji wakati nyumba yake inaungua. Lakini nilikuwa na sababu mbili. Kwanza, nilikuwa nimeitikia neno la jembe siku ya mazishi yenyewe. Pili, kama ningesafisha mashine kwa siri, shemeki angeikuta safi na kusema nimefuta. Angekuwa na haki ya kusema hivyo. Mimi mwenyewe ningesema.

"Na barua-pepe yake," nilisema. "Haitafungwa?"

Hapo alielewa jambo ambalo sikuwa nimelisema. "Kama tunafuta zile alama zote, ndiyo, itafungwa. Lakini orodha haifuti kitu, maman. Inazuia wanaokuya. Vya ndani inaacha."

Tulijaribu kwa simu yake ili nione namna ufuatiliaji unavyofanya kazi. Alitafuta viatu vya mvua. Tulifungua kurasa nyingi, viatu havikutokea. Vilitokea kesho yake, tukiwa tumekwisha kusahau. Jambo hilo lilinitia hofu, kwa sababu nilikuwa nimeanza kufikiri namna ya kuonyesha familia, na mbele ya familia huwezi kusema ngojeni kesho.

Siku ya kuondoa matanga walikuja kwa pikipiki, wengine kwa miguu kutoka mwisho wa barabara, na madumu ya kasiksi, pombe ya ndizi. Tulikwenda misa, tukarudi, wakaketi sebuleni na koridoni. Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa wazi na mashine ilionekana. Mimi nilikaa kwenye mkeka na kitambaa changu cheusi. Shemeki alisali, kisha akasema alichoona. Hakuongeza chumvi. Alisema gauni, akasema wanaume, akasema ukurasa, akasema, "Nilimuuliza, akajibu inakuya yenyewe." Watu waliguna.

Shangazi alinigeukia. "Sema."

"Ni kweli aliona," nilisema. "Vile vitu vilikuwa pale. Mimi sikuvitafuta. Kanzu ilitafutwa na mutu mwingine."

"Nani?" shemeki aliuliza.

"Siwezi kusema."

"Huwezi ama hutaki?"

"Sitaki, shemeki. Mutu alinipa siri yake. Kama nikiitoa leo sababu ya nyumba, kesho nani ataingia hapa?"

Mtu mmoja nyuma alisema, "Siri ya kanzu," wengine wakacheka, na kicheko kile hakikuwa kwa faida yangu. Nilijua kwamba jina moja tu lingenitoa pale. Nilijua pia watu waliokuwa wakimuulizia yule mchumba walikuwa bado mjini.

"Lakini ninaweza kuwaonyesha namna inafanya," nilisema. "Shangazi akae kwa mashini. Atafute kitu yake mwenyewe. Kitu hata mumoja wetu hawezi kutafuta."

Shangazi aliinuka bila kusaidiwa. Alikaa kwenye kiti cha mume wangu, akaweka mikono kwenye mapaja kama anayepigwa picha. Nilimuuliza anataka kutafuta nini. Alifikiri.

"Meno," alisema. "Ya kuweka."

Sebule nzima ilicheka, na safari hii nilivuta pumzi. Niliandika kwa Kifaransa: meno bandia. Zikaja kurasa za wauzaji. Nilifungua mbili, tatu, shangazi akaangalia kila seti kwa makini na kusema hii ni ya mutu wa mudomo mukubwa. Kisha nikamwambia sasa tuache meno, tusome habari. Nikafungua ukurasa wa habari za mji. Intaneti ilikuwa nzito, mstari wa kungoja ukazunguka. Ukurasa ukaja. Gauni. Hakuna meno.

"Unaona," alisema shemeki, bila ukali.

Nikafungua wa pili, habari za michezo. Likaja tangazo la gari. Mpangaji wangu alikuwa amesimama mlangoni, nikaona amefumba macho.

Nikafungua ukurasa wa sala za kila siku. Ulijipanga polepole, kwanza maneno ya injili, kisha picha upande wa kulia kutoka juu kwenda chini: nywele, macho, halafu tabasamu la mzee mmoja mweupe mwenye meno mengi kuliko haki yake. Chini yake, seti nzima juu ya kitambaa cha bulu. Chini zaidi, nyingine.

Shangazi alisogeza uso karibu na skrini, karibu aiguse.

"Huyu alinifuata kanisani," alisema.

Nyumba ikalipuka. Watu walikuja kutoka koridoni, wakasukumana mlangoni kuona meno juu ya injili. Shangazi aliwageukia, mdomo wazi, akawaonyesha ufizi wake. "Angalieni basi. Na mimi niko natafuta bwana. Nimeisha nunua na meno ya kumuchekea." Akamwangalia shemeki. "Kama mutu wa kwanza kukaa hapa nyuma ya mimi kuinuka angekuwa muke yako, ungesema ni yeye iko bila meno?"

Shemeki alikuwa amevua miwani. Alikuwa anaisugua kwa shati, polepole, na ninamheshimu kwa alichofanya baadaye, kwa maana alivaa tena, akakaribia, akasoma tangazo lote mpaka mwisho. "Basi," alisema, "mashini inasema kweli, lakini inasema kwa mutu wa nyuma, si kwa ule alitafuta."

"Njo vile, shemeki."

"Na siku ile, wa nyuma nilikuwa mimi."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa. Kisha akauliza kama kuna dawa. Nilimwita mpangaji, akaeleza orodha kama alivyonieleza mimi, na mfano wa Kadutu ukapendwa sana. Mimi nikasema wazi kwamba nilikuwa nimekataa kuiweka kwa sababu ya jembe. Hapo palizuka mjadala wa kweli, na si mfupi. Mmoja alisema kuongeza kitu ni kubadilisha mpini. Mwingine alisema matanga yanaondolewa leo, basi tungoje jioni. Mpangaji akasema orodha haifuti wala haigusi alichoacha marehemu, inakataza wageni tu. Wote wakamwangalia shangazi.

"Shamba ya marehemu ikiingiliwa na mbuzi," alisema shangazi, "tunangoja matanga iishe njo tunafukuza mbuzi?"

Wakaafiki. Mpangaji akaketi kwenye benchi, mimi kwenye kiti, na yeye akaniacha nishike mwenyewe. Nilipakua kijiprogramu. Nilifungua sehemu ya vichujio. Niliweka alama kwenye orodha ya matangazo, nikaweka alama kwenye orodha ya wafuatiliaji, nikabonyeza, nikarudi kwenye ukurasa wa sala. Magauni yalikuwa yamekwenda. Wanaume wote walikuwa wamekwenda, hata wa shati ya bulu. Lakini yule mzee mweupe alikuwa bado anatabasamu.

"Huyu hasikii," alisema shangazi.

Mpangaji alipiga paji lake. Orodha zile kubwa zilitengenezwa zaidi kwa kurasa za Kiingereza, na tangazo hili lilikuwa la wauzaji wa Kifaransa. Tulishuka chini kwenye orodha za lugha, tukaikuta ya Kifaransa, nikaiwasha. Nikafungua ukurasa upya. Ulikuja haraka kuliko nilivyowahi kuuona, na ulikuwa na injili tu, na nafasi nyeupe kando yake.

Juu ya skrini, pembeni, kulikuwa na alama ndogo yenye namba, na kila ukurasa niliofungua namba ilipanda. Shangazi aliuliza ni ya nini. Nikamwambia ni wale waliobisha hodi wakanyimwa mlango. Akataka nifungue kurasa zaidi ili aone namba inapanda, na kila ilipopanda alipiga mkono kwenye paja, kama watu wanavyohesabu mabao. Wanawake wa koridoni walipiga vigelegele. Sijawahi kusikia nyumba yangu ikipigiwa vigelegele namna ile, hata siku ya arusi yangu, maana siku hiyo ilinyesha.

Kisha, mbele yao wote, nilifungua barua-pepe ya mume wangu. Ilifunguka. Ikamsalimia kwa jina lake kama kila asubuhi. Shemeki alilisoma jina la mdogo wake kwa sauti, akatoka nje.

Wakubwa walimfuata, wakakaa nyuma ya jiko. Hawakukaa sana. Waliporudi, shemeki alizungumza akiwa amesimama. "Nyumba iko ya shemeki. Mashini iko ya shemeki. Mutu wa kuongeza neno, aongeze mbele yangu." Kisha akanisemesha mimi: "Nilikuhukumu na kitu niliona. Unisamehe." Nilimwambia yamekwisha. Shangazi alinishika mkono, akanipeleka chumbani, akanivua kitambaa cheusi kwa mikono yake na kunifunga pagne mpya ya kitenge, ya rangi ya machungwa, kali kuliko ambayo ningeichagua mimi. Nilipotoka walinipigia vigelegele tena. Nililia, ndiyo. Lakini nililia nimesimama, katika mlango wangu.

Nisiseme kwamba tangu siku ile kila kitu kilikuwa laini. Juma lile lile mwanafunzi alikuja kutafuta matokeo ya mtihani, na ukurasa ukakataa kufunguka, kwa sababu tulikuwa tumewasha orodha nyingi kupita kiasi. Nililazimika kujifunza kuzima kichujio kwa ukurasa mmoja na kuwasha tena. Nilijifunza pia mipaka yake. Orodha haifichi historia ya kurasa zilizofunguliwa, wala haimzuii mtu mwenye bunduki kukaa kwenye kiti na kukuamuru ufungue. Alichokwisha kukusanya mtu huko nje, orodha haiwezi kumnyang'anya. Ninawaambia wateja hivyo hivyo. Baadaye nilitengeneza njia ya pili ya kuingia kwenye mashine, ya wateja, isiyotunza kitu, na ya mume wangu nikaiacha peke yake.

Lakini mega zilianza kutosha. Kurasa zilifunguka hata siku intaneti ilipokuwa mgonjwa. Wanawake walianza kuja kutoka mbali kidogo, wakiuliza kama hapa ndipo kwenye mashine isiyosema. Walikaa, wakatafuta walichotafuta, juu ya tumbo, juu ya mume, juu ya njia, wakainuka, na aliyeketi baada yao hakukuta alama ya nyayo zao. Yule binti wa kwaya alirudi mara moja tu. Alichapisha karatasi moja, akanikumbatia kwa nguvu, akaondoka mchana huo huo. Niliambiwa amefika ng'ambo kwa mchumba wake.

Mwezi uliopita shemeki alishuka kutoka Nyantende na tangazo la parokia, kama kawaida. Nilimchapia. Halafu hakuondoka. Alikaa kwenye kiti mbele ya mashine na kuniomba ruhusa ya kujaribu kitu, akageuza skrini kidogo nisione. Alitafuta kwa muda, kidole kimoja kimoja. Kisha akafungua ukurasa wa habari, akafungua wa michezo, akafungua wa sala, akarudi wa habari, anaangalia pembeni, anaangalia juu, kama mtu anayemngoja mgeni asiyemtaka.

"Hakuna," alisema mwishowe.

"Ulitafuta nini, shemeki?"

"Hiyo haikuhusu."

Tukacheka wote wawili. Akatoa simu yake mfukoni, yenye kioo kilichopasuka kona, akaniwekea mbele yangu juu ya meza.

"Na hii pia," alisema. "Hii inanifuata sana na injini za mashini ya kusaga."

Betri yake ilikuwa imekwisha. Niliichomeka kwenye umeme, nikavuta benchi, tukakaa tukingoja iwake.